Wao na Morris yao, sisi na Peugeot ya mjomba

Jumapili iliyopita nililia kwenye maegesho ya baa, na sikuwa nimekunywa hata soda.

Niko Coventry, Uingereza, mwaka wa kumi na moja sasa. Karibu na ninapokaa kuna baa ambapo wazee hukutana na magari yao ya zamani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baridi ikishapungua. Utaona Triumph, Jaguar, Hillman. Wanafungua boneti, wanamimina chai ya thamosi, wanabishana kuhusu kabureta mpaka saa saba mchana. Nilianza kwenda kwa sababu ya upweke tu. Aliyenikaribisha alikuwa mzee mwenye Morris Minor ya kijani. Nilipomwambia natoka Kenya, hakuuliza habari za simba wala za mbio za marathoni. Aliuliza, "Joginder ulimwona?"

Nikadhani anamtafuta jirani yake. Coventry ina Masingasinga wengi, jamani.

Ndipo mimi, mtoto wa Nakuru, nikasomeshwa habari za kwetu na mzee wa Kiingereza aliyeegemea Morris. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, 1932. Alianza kama fundi katika gereji ya babake, kisha mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani akisaidia waliokwama. Mwaka 1965 akashinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya kwetu, na nduguye Jaswant, ndani ya Volvo PV544 ambayo watu wengine walikuwa wameshaitumia. Akarudia 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer. Lakini mzee wangu hakuvutiwa sana na ushindi huo mara tatu. Alichokipenda ni kwamba Joginder aliingia Safari mara 22 na kufika mwisho mara 19. "Kushinda ni bahati na pesa," alikuwa akisema, "lakini kufika kunataka mtu anayelisikiliza gari." Joginder mwenyewe alifia London, Oktoba 2013. Naye alikuwa mhamiaji huku, kama mimi, na sikuwahi kulifikiria hilo.

Basi mzee wa Morris akafariki Februari. Nilienda mazishini, na nikatoka nimekasirika. Dakika thelathini na tano, nilihesabu. Kuna muziki wa kinanda, kuna mtu anasoma karatasi, pazia likafungwa, tukaenda kula sandwichi za tango. Hakuna aliyelia kwa sauti. Hakuna aliyelala kwa mfiwa hata usiku mmoja. Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia watu hawa moyo waliacha tumboni mwa mama zao. Kwetu hata jirani mliyegombania mpaka wa shamba, akifa unakesha matangani na kuchanga.

Halafu ikaja Jumapili hiyo. Nasikia mlio kutoka barabarani. Mnaojua Morris Minor mnaujua: dereva akiachia pedali ya mafuta, ekzosi inatoa sauti kama ya mtu anayepuliza midomo kwa dharau. Morris ya kijani ikaingia, ikiendeshwa na mjukuu wake wa kike, binti wa miaka kumi na tisa, uso umemkaza kwa woga. Akaegesha mahali pa babu yake. Pale mahali hapakuwa na kibao wala kamba. Miezi yote ile watu walikuwa wakipaacha wazi tu.

Nikaja kuambiwa kwamba tangu Februari walijiwekea zamu. Kila wiki mmoja anaenda nyumbani kwa mjane, anawasha gari, analizungusha mtaani ili breki zisigande na betri isife, kisha anakunywa chai na mama. Mwingine alikuwa akimfundisha yule binti, jioni baada ya chuo, namna ya kuvuta choki ili injini iwake asubuhi ya baridi. Hakuna hotuba iliyotolewa. Injini ilipokohoa kidogo, wazee wanne waliinama juu yake kwa pamoja, kila mmoja na maoni yake, na hapo ndipo machozi yalinitoka.

Serikali yao nayo inawasaidia. Gari likitimiza miaka 40 halilipi ushuru wa barabara, na kama halijabadilishwa sana halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Linaheshimiwa kama mzee kwenye daladala. Kwetu gari la miaka tisa haliruhusiwi kushuka bandarini, na ukionekana na la miaka ishirini wanauliza nyumbani kuna shida gani.

Najua mnachoandaa kuandika. "Huyu ameshakuwa Mzungu." "Watu hawana karo, yeye analilia vyuma." Tulieni. Karo naijua, natuma kila muhula, risiti ninazo. Wala sisemi Waingereza wanatushinda utu. Nimeshasema hapo juu kuhusu sandwichi. Na kwa ufundi hawatufikii hata kwa ngazi. Mzee wa Morris akikosa gasketi, kile kipande chembamba cha kuziba maungio ya injini, aliagiza kwa posta akasubiri siku nne. Mjomba wangu alichukua boksi la kadibodi na mkasi wa mkewe wa kushonea, akaikata gasketi kwa macho, na gari likaondoka kwenda Kisumu jioni hiyo hiyo.

Mjomba alikuwa mtu wa Peugeot 404. Gari lile lilishinda Safari mara nne, 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na mjomba alizungumza kana kwamba alikuwa ndani mara zote nne. Alikuwa kijana kando ya barabara, mwenye matope mpaka kwenye meno. Baadaye alinunua ya kwake, nyeupe, gia juu kwenye usukani, injini imelala upande kama mtu anayepumzika baada ya ugali. Alitufundisha kuisikiliza. Ulikuwa ukiweka bisibisi kwenye injini, mpini wake sikioni, unaambiwa sema ni valvu ya ngapi. Madereva wa Peugeot za abiria walitoka Eldoret kuja kwake, na kama mtu hana hela alilipa kwa kuku.

Alipokufa tulimzika kama chifu. Kamati ya mazishi ilikaa wiki nzima. Mahema manne, fulana zenye picha yake, vitabu vya ibada vya rangi, ng'ombe wawili, msafara wa magari mpaka Molo. Wanasiasa wawili walinyang'anyana kipaza sauti. Watu walilia mpaka wakaanguka. Na wiki ya tatu lori la vyuma vikuukuu likaingia uani. Peugeot ikapimwa kwa kilo.

Hesabu basi, ninyi wa karo. Fulana peke yake zingelinunulia gari lile betri na matairi.

Mtasema Nairobi kuna Concours, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong kila mwaka, na Safari Classic, ile Safari ya magari ya zamani, inapita tangu 2003. Kweli, na naona fahari nikiziona picha. Lakini mjomba angefika pale akiwa chini ya gari la mtu mwingine. Na vijana wetu wanaojazana Naivasha tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, waulize Joginder ni nani. Watakutajia bei ya nyama choma.

Sawa, hapo nimekuwa mkali, wapo wanaojua. Kuna kijana wa Kisii alinirekebisha mwaka wa Lancer nilipoukosea, nikanyamaza.

Na kuna jambo nimelizungukia tangu mwanzo. Binamu yangu hakuliuza lile gari kwa siri. Alinipigia simu. Nilikuwa zamu ya usiku, mapumziko ya dakika kumi na tano, mkate mkononi. Akasema, "Kaka, hawa watu wako hapa na lori, wewe ndiye mkubwa, tufanyeje?" Nikamjibu, "Uzeni, linajaza uwanja bure." Sikuuliza hata wanatoa shilingi ngapi. Nikamaliza mkate nikarudi kazini.

Jumapili jioni nilimpigia. Nikamuuliza kama kuna chochote kilichobaki. Akafikiri, akasema kasha la spana lipo, wanalitumia kuzuia mlango wa banda la kuku usifunguke. Nikamwambia asiliuze.

"Sawa, kaka," akasema. "Lakini huo mlango tuuzuie na nini?"