Shamba la Kulungu Hufelia Udongoni, Si Kwenye Mfuko wa Mbegu

Dungu, kwa mkulima wa kwetu, ni jukwaa la kukeshea ukifukuza nguruwe na ngedere wasimalize mahindi. Marekani mambo yamegeuzwa. Mtu analima, anapanda, anatia mbolea, kisha anapanda dungu lake na kukaa kimya akiomba mnyama aje ale, apate kumwinda. Mnyama mwenyewe ni kulungu wa mkia mweupe. (Jina tumemwazima tu. Kulungu wetu haoti pembe mpya: alizoota ndizo alizo nazo maisha yake yote, wakati dume wa huko huangusha zake kila mwaka, mara nyingi kati ya Desemba na Machi, akaota nyingine. Biblia ingemwita ayala, lakini sijasikia mtu akisema anakwenda kuwinda ayala.)

Maoni yangu kuhusu vishamba hivi vya malisho ni mafupi. Pesa ziende kwenye chokaa, akili iende kwenye njia ya kuingilia, na mbegu iwe jambo la tatu. Madukani huuzwa kinyume chake: mfuko wenye picha ya dume mwenye pembe kama tanzu za mwembe ndio unaopewa rafu ya mbele, na chokaa iko nje nyuma ya jengo, inanyeshewa.

Ukishaushika huo mfuko, ugeuze usome lebo. Sheria za mbegu za huko zinamlazimu muuzaji aandike aina zilizomo, asilimia ya usafi, asilimia ya uotaji, kiasi cha mbegu za magugu na tarehe ya kupimwa. Mbegu ya klova (mmea mfupi wa malisho wa jamii ya kunde) iliyopakwa unga huwa nzito kwa sababu ya unga huo, na mara nyingi theluthi nzima ya uzito si mbegu. Zidisha usafi kwa uotaji: usafi wa asilimia 65 na uotaji wa asilimia 85 vinakupa kama asilimia 55, yaani mfuko wa kilo 10 una kilo 5 na nusu tu za mbegu hai. Kisha tafuta kama kuna raigrasi. Watu huichanganya na rai kwa sababu ya jina. Rai ni nafaka, ndugu wa ngano, inastahimili baridi kali na udongo duni, na kulungu huila majira yote ya baridi. Raigrasi ni nyasi ya bei rahisi inayowekwa kwenye mchanganyiko kwa kuwa inaota upesi na mnunuzi anafurahi wiki ya kwanza. Ikishamwaga mbegu zake, utapambana nayo miaka.

Sasa udongo, maana hapa ndipo kazi ilipo. Kipande kilichofyekwa katikati ya msitu kwa kawaida kina asidi. pH, yaani kipimo cha asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), ya 5.2 au 5.5 si ajabu. Klova inataka karibu 6.5, na chokaa ndiyo inayoipandisha. Katika udongo wa asidi, fosforasi hushikwa na alumini na chuma, mmea haufaidi, kwa hiyo mbolea uliyolipia inakaa ardhini bila kazi. Bakteria wa rizobia wanaoipatia klova naitrojeni nao hudhoofika. Mkulima wa magharibi mwa Kenya aliyewahi kuambiwa atie chokaa kabla ya mbolea ya DAP anaujua wimbo huu.

Kupima hakuna ugumu. Tembea zigizaga, chota sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, zinki yake inachafua majibu. Toa majani na mizizi, kausha kivulini, kisha peleka kiasi cha vikombe viwili kwenye maabara ya udongo ya chuo kikuu cha jimbo. Kwenye fomu andika zao unalotaka kupanda, kwa sababu ushauri wa klova si ushauri wa mahindi.

Tuseme majibu yanasema tani 2 za Kimarekani za chokaa kwa ekari. Hizo ni kama kilo 1,800. Kishamba cha robo ekari kitataka kilo 450, ambazo ni mifuko 25 ya kilo 18. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakaweka mifuko mitano na kujiambia ni bora kuliko bure. Ni bora, ndiyo, lakini pH haitafika. Usidanganywe pia na chokaa ya punje inayodai mfuko mmoja unashinda kumi ya kawaida: ni chokaa ileile iliyosagwa laini zaidi ikagandishwa ili isipeperuke. Inafanya kazi haraka kidogo na inamwagika vizuri kwa mashine ndogo, ila huwezi kupunguza kiasi kwa namna hiyo. Chokaa ikiachwa juu ya ardhi inashuka polepole mno, labda sentimita 2 au 3 kwa mwaka. Ichanganye kwa haro (chombo cha meno cha kulainisha udongo), na uitie miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya kupanda. Kama huna muda huo, panda rai na oti mwaka wa kwanza, zinavumilia asidi, na klova ingoje.

Mchanganyiko ninaoutetea kwa anayeanza ni klova nyeupe aina ya ladino kilo 3 na oti kilo 20 kwa ekari. Oti huota haraka, huikinga klova changa dhidi ya jua na magugu, na kulungu huila vuli hiyohiyo. Baridi kali ikija oti inakufa, na masika yakifika klova inabaki peke yake. Majimbo ya kaskazini panda kati ya katikati ya Agosti na mwanzo wa Septemba. Kusini subiri hadi katikati ya Septemba au Oktoba joto likipungua. Kote, panda mvua ikiwa inakaribia. Mbegu iliyopata unyevu ikachipua kisha ikakaa wiki mbili bila mvua haifufuki.

Nyasi zilizopo ziue kwanza. Glifoseti, dawa ya kuua magugu, inafanya kazi kwenye jani lililo hai na linalokua, si lililokauka kwa kiangazi wala lililojaa vumbi, na ukichanganya na maji ya matope udongo huikamata dawa kabla haijafika kwenye jani. Nyunyiza, subiri siku kumi hadi kumi na nne, lima kwa juujuu, acha magugu ya pili yachipue, nyunyiza tena. Anayeruka awamu ya pili humlimia mtu mwingine, yaani magugu.

Kupanda kwenyewe kuna mtego mmoja: kina. Oti inaweza kufunikwa sentimita 2 hadi 4. Klova ikizidi milimita 6 haitoki. Kwa hiyo mwaga oti kwanza, ifunike kwa haro, kisha pitisha rola. Kanyaga: kiatu kikizama zaidi ya sentimita moja hivi, udongo bado ni laini, pitisha tena. Ndipo umwage klova juu, nusu ukienda kaskazini-kusini na nusu mashariki-magharibi ili usiache mabaka, halafu rola mara ya mwisho. Usiifunike kwa haro. Asiye na rola atumie magurudumu ya pikipiki ya miguu minne, aende na kurudi hadi achoke. Mbegu isiyopakwa unga iwe imechanganywa na bakteria wa rizobia wa klova, si wa soya. Wahifadhi penye ubaridi na uwapande siku hiyohiyo, jua linawaua. Wiki kadhaa baadaye ng'oa mmea mmoja kwa kijiko cha bustani na upasue vinundu vya mizizi. Waridi au wekundu ndani ni dalili njema. Vikiwa vyeupe au vya kijivu, havifanyi kazi.

Klova usiipe urea. Naitrojeni hiyo inalisha nyasi, na nyasi zitaishinda. Ipe fosforasi na potasiamu kama maabara ilivyosema. Magugu yakiipita kimo, fyeka kwa sentimita 15 hadi 20, lakini kamwe si katikati ya ukame. Klova iliyokatwa kwenye joto kali inachomeka hadi mzizi. Mabaka yaliyobaki wazi yajaze Februari au Machi kwa kumwaga mbegu juu ya ardhi inayoganda usiku na kuyeyuka mchana. Ardhi ikipanuka na kusinyaa inazimeza mbegu yenyewe, bila jembe. Sijui njia nyingine ya kilimo iliyo ya kivivu na inayofaulu kiasi hicho.

Kuhusu jamii ya kabichi, kama tanipu na figili: ni nzuri kwa Novemba na Desemba, kwani baada ya baridi kupiga majani huwa matamu. Tanipu zinataka kilo 2 tu kwa ekari, zipandwe mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti kaskazini, na hizi ndizo za kupewa urea, kama kilo 60 kwa ekari, mvua ikiwa njiani ili isipotee hewani. Kosa la kawaida ni kumwaga kilo 5 "kwa usalama". Unapata msitu wa majani membamba yasiyo na kiazi chini. Usizirudie sehemu moja zaidi ya miaka miwili, magonjwa ya udongo yatajikusanya. Na usishangae kulungu wa eneo jipya wakizipuuza mwaka wa kwanza. Soya na mahindi waachie wenye ekari nyingi. Robo ekari ya soya humalizwa ikiwa bado na majani manne.

Weka kizimba. Waya wa wavu wa mita 4 ukikunjwa duara unakupa kipenyo cha mita 1 na robo. Usimike katikati ya shamba siku ya kupanda. Ndani ya kizimba kukiwa na klova ya goti na nje ya kifundo cha mguu, kulungu wanakula na tatizo lako ni ukubwa wa shamba. Ndani na nje kukilingana, hawaji, au wanakuja wachache. Ndani kukiwa kubaya pia, rudi kwenye karatasi ya maabara. Bila kizimba watu hulaumu mbegu kwa kila kitu.

Na kuna wiki ambazo shamba lolote litakuwa tupu: mialoni inapoangusha kokwa, Septemba na Oktoba, hasa mwaloni mweupe ambao kokwa zake hazina uchungu mwingi. Kulungu wote wanahamia msituni. Hilo si kushindwa kwa shamba, na hakuna mbegu ya dukani inayoshindana nalo. Siku hizo dungu lihamie mwaloni.

Kisheria, shamba lililopandwa si sawa na mahindi yaliyomwagwa chini. Michigan ilipiga marufuku chambo katika rasi yake ya kusini mwaka 2019 kwa sababu ya ugonjwa wa prioni (protini zilizoharibika umbo) unaowakondesha kulungu hadi kufa, ule uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Lundo la mahindi huwakusanya pua kwa pua, mate kwa mate. Shamba linawatawanya kiasi. Kila jimbo lina mpaka wake, na mingine hutofautiana kwa wilaya, kwa hiyo kanuni za mwaka huu zisomwe mwaka huu.

Lililobaki ni mahali, ambalo kwangu ni sawa kwa uzito na chokaa. Kishamba cha kuwindia kiwe robo hadi nusu ekari, karibu na malalo yao, ili wafike kabla giza halijaingia. Shamba kubwa la wazi kando ya barabara hulisha kulungu usiku. Lakini ukubwa na ukaribu havina maana kama huwezi kuingia bila kunuswa. Chora njia yako kwanza, kisha uamue shamba likae wapi. Upepo utoke walipo uje ulipo. Kumbuka pia kwamba jioni tulivu hewa inapoa na kuteremka bondeni kama maji; dungu lililo juu ya mteremko linamwaga harufu yako yote shambani, hata kama utabiri wa upepo ulikuwa mzuri. Asubuhi hewa hupanda, mambo yanageuka. Kwa mwenye upinde, shamba lililobanwa kiunoni, mita 20 kutoka dunguni, ni bora kuliko mraba.

Njia ikiwa wazi, ifiche kwa mistari michache ya kile wanachokiita ngano ya Misri. Si ngano. Ni mtama, unafika mita 2 na nusu na zaidi, na ukiubana sana kwenye mstari shina linakuwa jembamba na theluji ya kwanza inaulaza chini.

Usiwinde kila jioni. Dume mzee akishakutana na harufu yako mara mbili, saa zake za kula zinahamia usiku wa manane. Na ugumu mkubwa kuliko kuingia ni kutoka: giza limeingia, majike sita wako chini yako wanakula klova uliyoihangaikia, na ukishuka watakuona, watapuliza pua na kukimbia, na kesho dungu hilo wanalijua. Mpigie mwenzako aje taratibu na gari au trekta. Kulungu wa mashambani wamezoea magari. Watasogea msituni bila kutaharuki, wewe utashuka, na gari likiondoka watarudi kula.