Tajiri Aliyeugua Ugonjwa wa Saa

Mtanzania wa rika langu akisikia neno "rada" hafikirii ndege, anafikiria chenji. Ile chenji ya rada tuliyouziwa kwa bei ya kuruka, iliyorudishwa na Waingereza, ikanunuliwa vitabu na madawati. Nami nilikuwa hivyohivyo, mpaka nilipoanza kumfuatilia bwana mmoja wa New York, Alfred Lee Loomis, na tangu hapo nimekuwa kero kijiweni.

Loomis, aliyezaliwa mwaka 1887, alisomea sheria, kisha akaingia kwenye biashara ya hati fungani. Yeye na shemeji yake, Landon Thorne, walitajirika kwa kuyatafutia mitaji makampuni ya umeme, na soko la hisa lilipoporomoka mwaka 1929 wao walikuwa wameshauza, wamekalia fedha taslimu. Wengi wakimtaja huishia kwenye hizo fedha. Mimi naona wanakosea. Marekani haikukosa matajiri wa kusaini hundi. Huyu alikuwa mwanasayansi wa ridhaa kama tunavyosema bondia wa ridhaa: halipwi, lakini ulingoni anapanda mwenyewe na ngumi anakula mwenyewe.

Mwaka 1926 alinunua jumba la mawe kule Tuxedo Park akaligeuza maabara. Wanafizikia wakubwa walipita hapo: Einstein alifika, Bohr alifika, Fermi alifika. Humo walichunguza sauti zisizosikika na sikio, wakapima umeme wa ubongo wa mtu aliyelala. Lakini ugonjwa hasa wa Loomis ulikuwa saa. Aliagiza saa tatu za pendulamu aina ya Shortt, ambazo enzi hizo hazikuwa na mpinzani katika pendulamu, akazisimika juu ya mwamba na kuzielekeza kwa umbo la pembetatu ili mtikisiko wa moja usiisumbue nyingine. Halafu akazilinganisha, kupitia waya, na saa za kwatzi, yaani za jiwe linalotetemeka kwa umeme, za maabara ya kampuni ya simu ya Bell. Kwatzi haijali mvuto wa dunia wala wa mwezi, pendulamu inaujali. Tofauti ndogo iliyojitokeza kati yao ilifuata mwendo wa mwezi. Yaani mtu yuko kwake, anausoma mwezi kwenye saa! Angekuwa jirani yangu ningesema pesa zimemchanganya.

Sasa njoo 1940. Uingereza iko taabani, inatuma Marekani ujumbe wa wataalamu ulioandaliwa na Sir Henry Tizard, na ndani ya sanduku jeusi la chuma mna magnetroni, kidude cha kushika kiganjani cha kutoa mawimbi ya rada, kilichobuniwa na Randall na Boot kule Birmingham. Kijana aliyekabidhiwa sanduku, Edward Bowen, alipanda nalo teksi London. Dereva akakataa lisiingie ndani, likafungwa juu ya paa. Kufika stesheni ya Euston, mchukuzi akalitwika begani na kutokomea nalo kwenye umati, Bowen akimkimbilia nyuma. Siri kubwa ya vita, na mchukuzi anawaza bakshishi yake tu.

Tarehe 19 Septemba, Wamarekani walielezwa habari zake katika nyumba aliyopanga Loomis kwenye hoteli moja mjini Washington. Kidude hicho kilitoa mawimbi ya sentimita 10 yenye nguvu ambayo Wamarekani hawakuwa wameifikia. Loomis alielewa palepale, na nadhani ni kwa sababu ya zile saa. Rada, ukiivua makoti yote, ni saa: unatuma mlio wa redio, unasubiri mwangwi, unapima umechelewa kiasi gani. Mwangwi wa ndege iliyo umbali wa kilomita 15 unarudi kwa sehemu 100 za milioni ya sekunde. Ukikosea hapo umeikosa ndege.

Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, alikuwa binamu yake. Kwetu hii tungeiita kujuana, na sitaki kuipamba: milango ilifunguka haraka kwa sababu ya udugu, na fundi asiye na binamu serikalini angebaki benchini na karatasi zake. Lakini Loomis alifanya jambo moja ambalo mwenye udugu tu halifanyi. Maabara yake aliyoilea kwa zaidi ya miaka kumi aliifunga, vifaa vikahamia chuo kikuu cha MIT, ambako kazi ilianza Novemba 1940 chini ya mtu mwingine, Lee DuBridge. Pale palikuja kufanya kazi watu karibu 4,000. Rada zao za sentimita 10 zilipofungwa kwenye ndege, nyambizi za Wajerumani zikaanza kukutwa juu ya maji usiku, na vipokezi vyao vya tahadhari havikuwa na uwezo wa kuyasikia mawimbi hayo.

Magnetroni haikuwa yake, na aseme hivyo yeyote anayemsimulia. LORAN, mfumo wa kumwambia nahodha yuko wapi, ndiyo ilikuwa wazo lake: vituo viwili vya redio vinatuma milio kwa mpangilio, nahodha anapima tofauti ya muda wa kufika, anajua yuko kwenye mstari gani wa ramani, jozi nyingine inampa mstari wa pili, na panapokutana ndipo alipo. Saa tena.

Vita vilipokwisha alijiondoa kwenye macho ya watu. Uzeeni alivaa saa mbili za Accutron, zinazoendeshwa na kiuma kinachotetemeka, moja kila mkono, akizilinganisha kila siku na redio ya kutangaza saa. Moja ikimzidi mwenzake nusu sekunde, hakuipeleka kwa fundi. Aliigeuza, uso ukatazama upande wa pili wa mkono, akaiacha mvuto wa dunia uirudishe taratibu.