Mafua ya ndege: hatari ndogo, lakini kwa nani?

Kila taarifa ya mafua ya ndege huja na kauli ileile: hatari kwa umma kwa ujumla ni ndogo. Msomaji akifika hapo hugeukia habari nyingine. Kauli hiyo ni ya kweli, siipingi. Ila "umma" huo haumhesabu anayenyonyoa kuku wala anayekamua ng'ombe.

Wanaotutaka tutulie wana hoja nzito. Tangu mwaka 1997, H5N1, aina ya virusi vya mafua ya ndege, ilipowapata watu 18 Hong Kong na kuua 6, haijajua kuenea kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Virusi hivi hushika vizuri zaidi kwenye vipokezi (sehemu za seli ambako virusi hujishikiza) ambavyo kwa binadamu viko chini kabisa mapafuni na machoni, kuliko vile vya puani na kooni ambako mafua yetu ya kawaida huanzia. Karibu miaka 30 ya kuambiwa "linakuja", na halijaja. Aliyechoka ana haki ya kuchoka.

Tatizo langu ni takwimu moja. Tangu 2003, wagonjwa wa H5N1 walioripotiwa kwa Shirika la Afya Duniani wanakaribia 1,000, na karibu nusu wamekufa. Watulizaji hucheka: hao ni waliozidiwa hadi wakapimwa, waliougua kidogo wakapona nani aliwahesabu? Ni kweli. Marekani, baada ya virusi kuingia kwa ng'ombe wa maziwa mwaka 2024, wafanyakazi 115 wa mashamba ya ng'ombe walipimwa damu, na 8 wakakutwa na kingamwili, yaani alama kwamba waliwahi kuambukizwa. Nusu yao hawakukumbuka kuugua. Kati ya wagonjwa 70 hivi waliothibitishwa nchini humo, wengi waliishia kuwa na macho mekundu tu.

Haya, tukubali kwamba hiyo nusu ya vifo ni chumvi. Tuigawe kwa kumi: inabaki asilimia 5. Homa ya mafua ya 1918, iliyozika makumi ya mamilioni, mara nyingi hukadiriwa kuua kama asilimia 2 na nusu ya walioambukizwa. Gawa kwa ishirini basi, na ndiyo kwanza umefika kwenye 1918. Yaani watulizaji wakishinda mabishano haya kwa mbali, ushindi wenyewe hautupi usingizi.

Na wale wanane? Naona ajabu wanavyotajwa kama habari njema tupu. Mtu aliyeambukizwa bila kujua ni mwili mmoja zaidi ambamo virusi vimepata nafasi ya kujizoesha binadamu, na hakuna aliyekuwa akitazama. Wala wepesi wa ugonjwa kwa wakamuaji si ahadi. Mwishoni mwa 2024 kijana mmoja wa British Columbia, Kanada, aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia. Alipona, lakini virusi vyake vilikuwa vya tawi linalozunguka kwa ndege, si lile la ng'ombe. Mgonjwa wa Louisiana aliyefariki Januari 2025 naye alipatwa na tawi hilo la ndege. Jina ni lilelile, H5N1, tabia mbili.

Mahali ninapokubaliana na watulizaji bila kusita ni kwenye mauaji ya kuku: kuua kwa wingi si jibu tena. Hong Kong ile ya 1997 ilichinja kuku zaidi ya milioni moja kwa siku chache, na mlipuko ukakoma. Lakini leo virusi vinasafiri na ndege wa porini kutoka bara hadi bara, na mfugaji anayejua atateketezewa banda zima bila fidia ya maana atanyamaza kuku wakianza kufa. Hofu ikizidi, huzaa ukimya.

Finland mwaka 2024 ilifanya jambo dogo zaidi: ikaanza kutoa chanjo kwa walio karibu na wanyama, wakiwemo wafanyakazi wa mashamba ya manyoya na ya kuku pamoja na madaktari wa mifugo. Wengine wote hawakuguswa, kwa kuwa kwao hatari ni ndogo kweli.