Nimepanda mlingoti maji yanakupwa

Kwanza mjue mimi ndo nilosema ile kamba ya mashua bado nzima. Miezi mitatu ami ananambia henza imechoka na mimi namjibu ami hiyo bado inavumilia, mwaka mzima mbona, hela yenyewe ya kamba mpya ilikuwa itoke mfukoni kwangu sasa ningesemaje.

Kwa asojua, henza ni ile kamba ya kutwekea tanga, inapanda mpaka kwenye roda, kile kigurudumu kule juu ya mlingoti, inapita inashuka kushika foromali, ule mti unaobeba tanga. Haichakai yote, inachakaa palepale, pale inapokaa juu ya roda tanga likishapanda, uzito wote wa foromali upo hapo, jua hapo chumvi hapo. Ndo maana mwaka jana ami aliigeuza, ncha ya huku ikenda kule, ikapata umri mwengine. Ila ni katani na katani nayo ina mwisho wake. Ilikuwa imeota manyoya kama shingo ya jogoo alotoka kupigana.

Siku tunarudi kutoka kisiwa cha Tumbatu msokoto mmoja kati ya mitatu ukakatika, tap. Ami hakusema kitu. Alinitazama tu mpaka tunafika Mkokotoni, na nyie mnajua kutazamwa kule.

Basi nkatumwa dukani, pima kumi na mbili (pima ni urefu wa mikono miwili ilonyooshwa), ya nailoni, unene wa kidole gumba. Muuza duka akazipima kwa mikono, moja, mbili, tatu, kijana mcheshi kweli tunapiga stori za mpira huku anapima, kifupi hivi kama mtungi. Hiyo ya ufupi ishikeni, tutairudia.

Jumamosi asubuhi ami ananielekeza. Unaunga mpya na kongwe ncha kwa ncha, unazungushia uzi mpaka pawe laini pasiwe na kibonge, unavuta kongwe na mpya inafuata inapita kwenye roda yenyewe. Usipige fundo, mwanangu. Na kabla maji hayajatoka utie gadi, ile miti ya kuegemeza mashua isilale, huku na huku. Kisha akenda zake mnadani kutazama samaki.

Nkapiga fundo. Yakhe, kuzungushia uzi kunachosha! Nkapiga fundo moja zuri, ukubwa wa ngumi ya mtoto, navuta linapanda, linapanda, likafika kwenye roda likakaa hapo kama mgeni alokaribishwa chakula. Nkavuta. Nkaning'inia. Ile kongwe ya "bado inavumilia" ikakatika ikanimwagikia kichwani, na mpya ikateremka upande wa pili ikatua majini. Roda juu tupu.

Mtu mwenye akili hapo angemngoja ami. Mimi nkaweka ncha ya kamba mdomoni, nkakunja kikoi, nkapanda.

Sasa siku hiyo ilikuwa bamvu, maji makubwa, mwezi umetoka kuwa mpevu juzi yake, na bamvu la kwetu bahari ikianza kuvuta inavuta kweli, ndani ya saa sita maji yanashuka kama mita nne. Wakati napanda mashua ilikuwa inaelea vizuri tu. Mlingoti wa mashua si kitu kikubwa ukiutazama kutoka chini, ila mimi ni kilo tisini, kazi yangu kutengeneza simu mjini, kila nusu mita napumzika nasoma dua. Muda si mdogo huo. Nafika juu, naukumbatia mlingoti kwa miguu, nanyoosha mkono kwenye roda, nkasikia chini dugu. Mkuku, ule mti wa chini kabisa wa mashua, umegusa chini.

Na gadi? Nkazitazama kutoka kule juu. Zimelala mchangani, zote mbili, pale aloziacha ami.

Mashua haikuanguka, wallahi. Ililala taratibu kama mzee anayejinyoosha kwenye mkeka baada ya pilau, na upande ilouchagua ni upande nliokuwepo mimi. Nkajaribu kuhamia upande wa pili wa mlingoti nkawa nageuka kama nyama kwenye kijiti. Kina mama walokuwa wanachokoa chaza wakaacha kazi. Mmoja ananambia ruka baba, mwengine usiruke hilo tope, wa tatu anauliza huyo mtoto wa nani. Siwezi kujibu, nina kamba mdomoni.

Mikono ikachoka yenyewe. Tope likanipokea mpaka mapajani, laini, baridi, lina harufu ya mwaka jana.

Ami akatokea na fungu lake la samaki. Akatoa salamu kama kaja harusini. Akatazama mashua, akatazama mlingoti ulivyoinama, akasema, "Ahsante, hata mimi nlitaka kukilaza chombo jioni tuipitishe hiyo kamba." Akamwita mtoto mmoja wa darasa la nne alokuwa anakula embe, mtoto akapanda mlingoti umelala vile kama anapita darajani, akapitisha kamba kwenye roda, akashuka. Embe hakuiweka chini.

Tukafunga foromali, ami akavuta ncha ya huku ili aone. Ikaishia kifuani kwake, hata chini haifiki. Akaipima upya kwa mikono yake mwenyewe, yeye mrefu kama mnazi, pima kumi na kidogo. Akaniuliza nani kapima. Nkasema kijana wa dukani. Kijana gani? Nkamuonesha kimo kwa mkono.

Ikabidi aokote ile kongwe, achague pima mbili ambazo hazijaota manyoya, akae kitako afumue nyuzi azifume na za mpya, pakatoka laini huwezi kujua pameungwa. Kwa hiyo mpaka leo tukitweka tanga, kipande cha kwanza kupita mikononi mwangu ni cha ile kamba kongwe, na kila nkikigusa ami anakohoa.