Vina Vitamu, Maana Iko Wapi?

Lawama juu ya nyimbo za kisasa ni ile ile kila kizazi: maneno yamekwisha, kumebaki "la la la" na "ding dong". Wanaolalamika hawakosi ushahidi. Katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mwaka 1968, Hispania ilishinda kwa wimbo ulioitwa "La, la, la". Mwaka uliofuata Uingereza ikawa miongoni mwa washindi wanne kwa "Boom Bang-a-Bang", na mwaka 1975 Uholanzi ikatwaa ushindi kwa "Ding-a-dong". Ukiyasoma majina hayo tu, utadhani majaji walitolewa shule ya chekechea.

Ila shindano lile husikilizwa na watu wa lugha nyingi, na sauti isiyo ya lugha yoyote haihitaji mkalimani. Mtunzi anataka kiitikio ambacho Mfaransa na Mfini watakidaka kwa pamoja. Ni hesabu ya biashara, sikatai, lakini uvivu ni kitu kingine.

Kwa watoto hoja inanoga zaidi. Mwaka 1983 watafiti Lynette Bradley na Peter Bryant walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwafuatilia watoto takriban 400 tangu wakiwa na miaka minne au mitano. Waliokuwa wepesi kutambua neno lisilolingana kwa sauti na wenzake ndio waliokuja kufanya vizuri zaidi katika kusoma na tahajia. Inaeleweka. Mtoto anayecheka kwa kuwa "kaka" inagongana na "paka" amekwisha kugundua kwamba neno linakatika, kwamba kipande kimoja kinatoka na kingine kinakaa mahali pake. Bila ugunduzi huo, herufi ni michoro tu. Lakini utafiti ule ule, ambao uliwapa baadhi ya watoto mafunzo kwa makundi, ulionyesha kwamba kundi lililonufaika zaidi ni lile lililofundishwa sauti pamoja na herufi. Anayemwahidi mzazi kuwa nyimbo peke yake zitamfanya mtoto ajue kusoma anauza nusu ya habari.

Kasoro ninayoiona mimi haiko kwenye maneno ya kubuni. Hayo hayadai maana, kwa hiyo hayamdanganyi mtu. Tatizo ni neno lenye maana lililoburutwa hadi mwisho wa mstari ili lipatane na la juu yake. Kiswahili kina mtego wake hapa: maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na kauli ya kutendana inakumiminia "pendana", "onana", "achana" bila jasho. Basi wapenzi wanafika ubeti wa pili wanaachana, na kisa hakijafika huko; kina ndicho kilichowaachanisha. Washairi wa zamani waliujua ugumu huu, wakajiruhusu inkisari (kulifupisha neno), mazida (kulirefusha) na tabdila (kubadili sauti yake): walilikunja neno ili maana ipone. Mtunzi mvivu huikunja maana ili neno lipone.

Na kina kina nguvu nyingine isiyo ya kuchezea. Mwaka 2000 watafiti Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh walionyesha kwamba watu huona usemi wenye vina kuwa wa kweli zaidi kuliko usemi wa maana ile ile ulioondolewa vina. Walipotahadharishwa watenganishe uzuri wa usemi na ukweli wake, athari hiyo ilipungua. Wimbo wa mapenzi ukinihadaa kwa njia hiyo, nitapona. Tangazo la dawa au kaulimbiu ya mgombea ni habari nyingine, maana huko sikio likikubali, mkono nao unalipa au unapiga kura. Jaribio lake si gumu: toa neno lililobeba kina, weka jingine la maana hiyo hiyo, kisha useme sentensi kwa sauti ya kawaida, bila mdundo, usikie kama bado inakushawishi.