Trei ya kinywa hutoka siku ya mtihani tu

Wiki iliyopita wodini, kitanda cha pembeni karibu na dirisha, mama mmoja wa makamo alinivuta mkono wa gauni: "Nesi, samahani mwanangu, naweza kupata pamba nimfute mama kinywa?" Mkono mmoja ameshika chupa ya maji, kidole cha mkono wa pili amekiviringishia ncha ya kanga. Mgonjwa mwenyewe ni bibi wa kiharusi, siku ya tano hajitambui, analishwa kwa mpira wa puani. Nikainama nimtazame. Midomo imepasuka. Ulimi una utando mnene wa rangi ya kahawia, na kwenye kaakaa makohozi yamekauka kama gundi.

Siku tano, zamu tatu kila siku. Piga hesabu ni wangapi tumepita pale. Mimi nimo, maana siku mbili kati ya hizo nilikuwa zamu.

Kwenye faili imeandikwa vizuri kabisa: usafi wa mwili umefanyika. Kumbe mwili unaishia kidevuni. Nikamuuliza mwanafunzi mwenzangu wa uuguzi tuliyepangwa naye, akajibu bila kuinua kichwa: "Si ndugu wapo?"

Mwenzangu huyu alipata alama zote kwenye mtihani wa vitendo wa usafi wa kinywa. Nami pia. Ungetuona siku ile! Tulimsalimia mdoli wa mazoezi, tukajitambulisha, tukamweleza tunachotaka kumfanyia, kwa sababu hata asiyejitambua huelezwa. Tukamlaza ubavu ili maji yasiende kooni. Taulo chini ya kidevu, kidni dishi (kile kibakuli cha umbo la figo) shavuni, mashine ya kufyonza iko tayari. Gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, tukaishika kwa koleo, siyo kwa kidole, maana mgonjwa anaweza kuuma. Meno nje, meno ndani, fizi, kaakaa, ulimi, mwisho mafuta ya midomo. Mwalimu akatia tiki. Yule mdoli kasafishwa kinywa mara nyingi kuliko wagonjwa wote niliowahi kuwahudumia, na wala hana mate.

Na usiniambie hatujui. Tunajua kwamba kinywa kisiposafishwa bakteria huongezeka, na mgonjwa asiyeweza kumeza vizuri huyavuta pamoja na mate hadi kwenye mapafu, kisha tunaandika nimonia na kuanza kubishana kuhusu antibiotiki. Kwa aliye kwenye mashine ya kupumulia ndiyo kabisa. Muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili, atakuimbia.

Mimi nadhani shida inaanzia hosteli. Saa kumi na mbili asubuhi bombani kuna foleni ya miswaki kama ya mkate. Saa nne usiku njoo uhesabu: hakuna mtu. Mtu amekula chipsi, kashushia na soda, kaangalia simu mpaka usingizi ukamkuta, kalala. Anayepiga mswaki usiku anaulizwa kwa utani, "Unaenda kuonana na nani?" Swali hilo linaeleza kila kitu. Mswaki kwetu ni kama manukato: ni kwa ajili ya harufu, kwa ajili ya watu, kwa ajili ya kutabasamu. Usiku huna mtu wa kumtabasamia, basi wa nini? Wakati usiku ndio mate hupungua, na mate ndiyo ulinzi wa kwanza wa meno. Usiku ndio sukari inapata nafasi ya kufanya kazi yake bila kusumbuliwa. Haya yote nimeyaandika kwenye daftari, tena kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu.

Mimi mwenyewe ni nani wa kusema? Mwaka wa kwanza gego langu la chini kushoto lilianza kutoboka. Nilikuwa naona tundu kwa kioo cha simu. Kliniki ya meno ilikuwa nyuma ya jengo letu la madarasa, kutembea hata dakika mbili hazifiki. Nikaenda? Nilinunua karafuu. Ikishindwa karafuu, Panadol. Bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka nasema kesho, likiisha nasema likitoka. Mwaka na nusu. Siku shavu lilipovimba hadi jicho likaanza kufunga ndipo nikakumbuka kwamba kuna kliniki. Daktari akaangalia, akatikisa kichwa, akachukua sindano ya ganzi. "Unasoma nini hapa?" Nikasema uuguzi. Hakunijibu. Hadi leo natamani angenitukana.

Tundu lile lingezibwa mapema nisingepoteza jino. Lakini kwetu mtu wa meno ni mtu wa kung'oa, unamwendea kama unavyomwendea fundi wa kufuli, mlango ukishagoma. Nesi mtarajiwa anayemwambia mama wa kisukari kila wiki "usisubiri kidonda kiwe kikubwa" hajawahi kufungua mdomo wake mbele ya daktari wa meno bila maumivu.

Halafu utusikie tukicheka. Darasani tuna mwenzetu aliyekulia upande wa Meru, Arusha, meno yake yana rangi ya kahawia na madoa. Ameitwa majina. Na wanaomwita hivyo wamefaulu somo linaloeleza kwamba maji ya maeneo yale yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, kwamba madoa hayo hujengeka jino likiwa bado ndani ya fizi utotoni, na kwamba hata apige mswaki mara kumi kwa siku hayatoki. Huyo kijana, kwa taarifa yenu, ndiye pekee ninayemwona bombani usiku.

Kliniki ya watoto nako ni vilevile. Mama anakuja na mtoto anayeharisha, ana homa, anasema bibi yake kaona "meno ya plastiki" kwenye fizi, ataitwa mtu wa kuyatoa. Hapo mtoto yuko hatarini kweli: vile vivimbe vyeupe ni machonge yanayojiandaa kuota, na kuna watoto waliokwanguliwa fizi kwa spoku ya baiskeli. Mama anahitaji sentensi tatu tu pale pale, na kuharisha kutibiwe. Nimemsikia mwenzangu akimjibu, "Mambo ya meno nenda chumba namba sita."

Haya, sawa. Najua mtaniambia wagonjwa thelathini muuguzi mmoja. Ni kweli. Najua wanafunzi tunafanywa vibarua, tunasukuma vitanda na kufuata majibu maabara. Kweli pia. Na ndugu kusaidia si dhambi, hospitali zetu zingekuwa zimefungwa bila ndugu. Lakini ndugu afundishwe basi! Yule mama alikuwa amefungua kifuniko cha chupa. Alitaka kumsukutua maji mtu asiyejitambua, amelala chali. Nisingegeuka, angemmiminia mama yake maji kwenye mapafu, kwa upendo, sisi tukiwa mezani tunajaza fomu. Na saa tisa usiku, wodi ikitulia, bando la kuangalia video huwa tunalipata.

Nikaenda kuomba trei ya vifaa vya kusafishia kinywa. Iko kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo anao sista inchaji, mkuu wa wodi, naye yuko kikaoni. Nikaunga vya kuungaunga: gozi, maji ya chumvi kwenye kikombe, koleo, glovu. Tukamgeuza bibi ubavu, mama akishika taulo. Ilichukua nusu saa. Gozi ya kwanza ilitoka na kitu kama ganda zima. Ya saba ikatoka nyeupe. Nikampaka mafuta kwenye midomo, na sijui kama ni mimi nilivyotaka kuona, lakini aliifumba taratibu, kama mtu anayeonja.

"Kumbe ndivyo inavyofanywa," mama akasema. "Na kesho mtamfanyia tena?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Kesho yake nilikuwa na mapumziko, na kwenye kitabu cha kukabidhiana zamu nilisahau kuandika neno kinywa.