Nimekatwa tumbo Uingereza, ila chakula changu kiko Mtwara

Watu wananiuliza sana kama aliyefanyiwa opereshen ya kupunguza tumbo la chakula ili apungue uzito anaweza kurudi kukaa nyumbani au ndo basi tena abaki huku na masheki yake ya protini. Mi naishi Leicester, kwetu Mikindani, na nasema wazi, kwa chakula chenyewe Mtwara inaishinda Uingereza mbali sana.

Ukifanyiwa ile ya sleeve, wanakata sehemu kubwa ya tumbo na linabaki kama robo tu, wiki za mwanzo unakunywa vimiminika, afu vya kusaga, afu laini, mpaka ufike chakula cha kawaida ni mwezi na nusu au miwili hivi. Kuanzia hapo kazi ni protini, wanataka walau gramu 60 kwa siku na tumbo lenyewe linajaa kwa vijiko vichache, kwa hiyo unaanza na kitoweo, mboga inafuata, wanga mwisho kama nafasi ipo. Huku wenzangu wanahangaika na maunga ya protini ya kwenye makopo wakati pale feri Mtwara unapata samaki changu ametoka majini asubuhi hiyo hiyo, unamchemsha na nyanya na ndimu analainika mwenyewe. Mayai ya kienyeji, dagaa, choroko, mbaazi za tui jepesi zilizoiva mpaka zinapondeka, vyote vinapita vizuri. Pweza naye safi ila achemshwe alainike kweli, umkate vidogo vidogo umtafune mpaka awe kama uji, la sivyo anakukwama kifuani na yale maumivu simtakii mtu.

Mtihani ni ugali wa muhogo. Unanata, tonge linakaa pale pale, na karibu wote ni wanga mtupu. Korosho nazo muwe nazo makini jamani, kiganja kimoja cha gramu 30 kina kalori kama 170 na ukizitafuna zinakuwa laini hazikujazi haraka, unapiga stori barazani bakuli linaisha na kilo zinarudi taratibu. Soda na uraka, ile pombe ya mabibo, achaneni navyo, hasa waliofanyiwa baipasi, yaani ile ya kuunganisha kijifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo, sukari inashuka kwenye utumbo kwa kasi, moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linasokota mpaka ulale chini.

Kinachonipa shida nyumbani ni kukaribishwa. Leicester nikila vijiko vitano hakuna anayeuliza. Kwetu shangazi kakaa jikoni tangu alfajiri, ukiacha sahani anaumia kweli, "mwanangu mbona umekwisha hivyo, huko hawakupi chakula?", na mtaani wanaanza kunong'ona una ugonjwa gani. Mi nilimkalisha nikamweleza yote, tangu siku hiyo ananitengea kisahani changu na samaki wangu, na maji haniletei mpaka nusu saa ipite baada ya kula. Kwa hiyo waambieni ndugu zenu jamani, msifiche, mkificha watawalisha kwa upendo mpaka mtapike.

Huku wanatushinda kwenye ufuatiliaji. Mwongozo wa Uingereza unataka kliniki ikufuatilie walau miaka 2, baada ya hapo ucheki damu kila mwaka maisha yako yote, maana B12, chuma, vitamini D na kalsiamu vinapungua kimya kimya hata kama unakula samaki kila siku, na upungufu wa B12 ukiachwa unaharibu mishipa ya fahamu. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, sio vya miezi mitatu. Natamani sana hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, Mtwara, iwe na kliniki ya watu wetu hawa, mtu wa Newala au Nachingwea asilale kwenye basi kwenda Dar kwa ajili ya kipimo cha damu. Na wewe unayepanga kwenda India au Uturuki kukatwa urudi Lindi, kabla hujauliza bei uliza kwanza damu yako utaipima wapi mwaka wa pili na wa tatu, na hivyo vidonge utavipata duka gani.